Kidonge cha Mama na Chai ya Maziwa

Mama yangu alipoacha kugomba, wiki mbili za kwanza tulimshukuru Mungu. Huyu ni mwanamke ambaye akikuta sufuria yenye masizi, sauti yake ilifika nyumba ya tatu. Sasa akawa anaitazama sufuria, anapiga mwayo, anajifunika kanga na kulala. Saa nne asubuhi, jua la Bagamoyo limeshawaka, yeye anasema anasikia baridi. Nikasema ni umri, na kwa siri nikaufurahia utulivu.

Furaha iliisha siku nilipounguza wali. Niliunguza hadi jirani akaja kuuliza kama kuna moto. Mama akala, akasema, "Ahsante, mwanangu." Nikaogopa. Hajawahi kula wali wangu mbovu bila kuutaja upande wa baba yangu.

Hospitalini wakamtoa damu. Majibu yaliporudi, mimi msomi wa kidato cha nne nikajipa kazi ya kuyasoma. T4 iko chini, TSH imepita mbali kiwango cha kawaida. Pale pale kwenye benchi nikamweleza mama kwamba homoni zimemzidi, apunguze chumvi.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. "Shikamoo mama." Mama akaitikia "marahaba" kwa sauti iliyokwaruza, kisha akasinzia.

"Dada," daktari akaniuliza, "nyumbani kwenu nani anagomba?"

Nikamwonyesha aliyesinzia.

"Basi TSH ndiyo mgombaji. Inatoka kichwani, inaiamrisha tezi ya shingoni ifanye kazi. Tezi ikitengeneza homoni yake, T4, ya kutosha, kichwa kinatulia. Ikizembea, kichwa kinapiga kelele. Hii namba kubwa ni kelele, dada. Homoni yenyewe ya tezi haitoshi."

Laiti mwalimu wangu wa baiolojia angekuwa na mama kama wangu, ningefaulu.

Mama akaandikiwa vidonge vya kuijazia homoni hiyo, kimoja kila asubuhi, na maelekezo ambayo niliyaitikia "sawa, sawa" kabla hayajaisha. Kwani dawa tusiijue? Kwetu dawa haimezwi na tumbo tupu, mgonjwa hufungua kinywa kwanza. Kila alfajiri nikampelekea chai ya maziwa, maziwa mazito yanayoletwa kutoka Makurunge, na vitumbua vitatu. Akishashiba, kidonge. Wiki nane sikukosa hata siku moja, na nilikuwa nangoja kusifiwa.

Kipimo cha pili: TSH imeshuka kidogo mno. Mama mwenyewe alikuwa amevimba uso, na nywele zake zilibaki kwenye kitana. Harusi ya mtoto wa dada yake hakwenda, na wala hakuuliza pilau lilikuwaje. Nilihuzunika sana. Niliona nitaishi na mtu mpole aliyevaa kanga za mama yangu.

"Anakimezaje kidonge?" daktari akauliza.

Nikaeleza kwa majivuno, mpaka idadi ya vitumbua.

Akashika paji la uso. "Dada, chakula na maziwa vinakizuia kidonge kisiingie mwilini. Hiki ni cha tumbo tupu na maji matupu. Akae saa nzima ndipo anywe chai."

Mama akafumbua jicho moja. "Dawa na njaa?"

"Na njaa, mama."

"Haya," akasema, akalifumba.

Kumbe aliyekuwa akimnyima mama dawa ni mimi, kwa mapenzi yote na sukari vijiko viwili. Njia nzima ya kurudi nilishindwa kumtazama usoni.

Tukabadilisha. Anameza kidonge, anakaa anaitazama saa ya ukutani, na mimi navificha vitumbua. Hivyo hivyo, siku baada ya siku. Wiki ya saba nikachelewa kidogo na chai.

"We! Hii chai au maji ya kusuuzia vikombe? Nimekaa na njaa saa nzima kwa ajili ya hii? Na hiyo sufuria unamwachia nani, shangazi zako?"

"Alhamdulillahi!" jirani akaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

Nilikaa chini nikalia. Akanigombeza kwa kulia karibu na chakula.

Majibu ya tatu daktari aliyasoma akitabasamu. TSH iko mahali pake, T4 inatosha, kichwa kimenyamaza. Mama alikuwa ameshatoka, anawagomba watu wa mapokezi kuhusu vumbi la benchi. Daktari akaniuliza kama nina swali. Nikamwomba aache mlango wazi kidogo, nisikilize.