Waya wa Banda la Shangazi

Shangazi hudonoa chenga za mahindi kwa ukucha, tik, tik, kuwafundisha vifaranga wa bata mzinga kula, maana wale, tofauti na wa kuku, hufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Ukucha umelika hadi nyamani. Siku fundi alipomaliza banda, akiwa bado ndani anajifuta jasho, Shangazi alipenyeza ngumi nzima kwenye tundu la waya.

"Fundi, kicheche mla vifaranga anaishinda ngumi hii unene?"

"Mama, waya ni waya."

"Huu wa kuzuia ng'ombe! Wanangu nimewalea kwa kidole, leo niwaweke kwenye meza ya kicheche? Ng'oa!"

Fundi akacheka. Shangazi akamrushia koleo, akaketi mlangoni, akanyoosha miguu, njia ikazibika. Fundi akaanza na msumari wa juu.