Watoro Wawili wa Surua

Walipotuletea sisi manesi tableti ya kusajili chanjo za watoto, walituambia kazi ya kuandika imekwisha. Nikaamini, maana mimi naamini haraka. Kumbe kitabu kikubwa kilibaki palepale, na kila mtoto nikawa namwandika mara mbili. Bando likiisha katikati ya mwezi, naongeza la kwangu. Umeme ukikatika, tableti inapelekwa kwa kinyozi mwenye sola, inachajiwa pamoja na mashine za kunyolea. Mume wangu alikuwa akiuliza kama kwenye hiyo tableti kuna hata mtoto mmoja wa kwetu.

Zahanati yetu ilikuwa upande wa Segese, ambako watu huhamia machimboni na kuhama tena bila kuaga. Mwezi mmoja tableti ikanipa majina mawili ya watoro wa chanjo ya surua, yaani watoto ambao hawakuletwa kuchanjwa, wote wa kitongoji kimoja. Kitongoji cha jirani watoto walikuwa wameanza kutokwa na vipele, nami nilishawahi kuona surua ikimwondoa mtoto, kwa hiyo niliogopa sana. Hela ya kufuatilia watoro ilitosha safari moja tu. Nikapakia chanjo na barafu kwenye kiboksi, nikapanda bodaboda, nikawa njia nzima napanga maneno ya kuwaambia wazazi hao.

Bibi mwenye mji wa kwanza niliofika alinipokea vizuri. Nikampa shikamoo, akanipa kigoda, nikamsomea jina la kwanza. Akasema yupo. Nikasoma la pili, naye yupo. Roho yangu ikatulia kabisa. Akaingia ndani, akatoka na mtoto mmoja mnene anayetafuna kipande cha kiazi.

"Na mwingine, mayu?" nikauliza, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

"Ni huyuhuyu," akasema.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mtoto alizaliwa na jina lake, akawa analia mchana na usiku. Wakampa la babu yake, akazidi kulia. Mwishowe wakajua marehemu anayetaka jina lake lirithiwe ni kaka wa babu, wakampa jina hilo, akanyamaza. Na kila jina lilichukuliwa kadi yake mpya kliniki, maana nani angethubutu kumwita mtoto kwa jina linalomliza?

Nikauliza kuhusu surua.

"Si ulimchoma wewe mwenyewe mwezi uliopita? Kwa hili jina la sasa."

Desturi hiyo naijua, hata jina ninaloitwa nyumbani silo nililozaliwa nalo. Lakini siku ile niliwaka. Nilisema kadi ni moja, jina ni moja, nikasema asiye na kadi asinisogelee tena mlangoni, nikasema na mengine. Dereva wa bodaboda akazima pikipiki ili asikie vizuri. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ningekunywa uji.

Ndipo nikaona, ng'ambo ya ua wa minyaa, mwanamke kijana akimnyanyua mtoto wake na kuingia naye ndani upesi. Bibi akaniambia ni wageni, wamehamia kutoka Songwa, mume yuko shimoni. Jina la mtoto huyo halikuwa kwenye tableti wala kitabuni.

Nikaenda kugonga. Mtoto alikuwa na miezi kumi na moja na hajachanjwa surua, inayochomwa akifika miezi tisa. Kadi yake ilipotea walipohama. Nikamwuliza mama yake, kwa sauti ambayo sasa nilijitahidi kuishusha, kwa nini hakuja zahanati.

"Nilikuja mara mbili, nesi," akasema akiangalia chini. "Nilifika mlangoni nikasikia unavyomfokea mwenzangu aliyesahau kadi. Nikarudi."

Niliona aibu, aibu yenyewe. Nikachanganya chanjo, nikamchoma mtoto, akapiga yowe, na bibi akatuma ushauri kutoka ng'ambo ya ua kwamba tumtafutie jina lingine. Mama akacheka, nami nikajaribu kucheka.

Kisha nikafungua tableti kumsajili. Ikaniuliza sababu ya mtoto kuchelewa, ikaniorodheshea za kuchagua: umbali, ugonjwa, safari, imani. Nikazipitia zote mara mbili nikitafuta inayonihusu mimi, haikuwepo, na bila kujaza pale isingekubali kuendelea. Nikabonyeza umbali, huku nimekaa mbele ya mwanamke aliyeitembea njia ile mara mbili akiwa na mtoto mgongoni.