Gitaa la Masanja Umeme Ulipokatika

Cheka ukitaka. Mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma ya dramu zangu, sijanywa hata tone, na ilikuwa saa kumi alasiri jua linawaka.

Tulikuwa bendi ya jineri, pale Bariadi pamba inapochambuliwa. Masanja alipiga gitaa la solo. Bendi ilivunjika kwa mdomo wangu mimi. Siku moja nilikuta dawa imefungwa kitambaani, imefichwa ndani ya dramu. Unatujua sisi Wasukuma na dawa za kugombania watazamaji. Nikamnyooshea Masanja kidole mbele ya ukumbi mzima, nikasema anataka kuifunga nyota yangu. Hakujibu neno. Aliweka gitaa chini akarudi kwao Malampaka, na bendi ikafa hivyo.

Miaka ikapita. Mama yangu, akiwa kitandani siku zake za mwisho, akaniambia ile dawa aliiweka yeye, ili watu wanipende. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliona aibu. Malampaka si mbali, lakini kila mwaka nilisema nitakwenda tukishauza pamba.

Basi ikaja biashara huria, tajiri mmoja akainunua jineri, akataka bendi ya zamani ipige siku ya ufunguzi. Tukawaandikia barua wenzetu wote. Siku ya mazoezi Masanja akaingia ukumbini, kichwa kizima mvi, shati limepigwa pasi.

"Mwadila," akatusalimu, kama vile tuliachana jana.

Tukapiga, na niamini, vidole vyake vilikuwa vilevile. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Besi ikanyamaza, maiki ikanyamaza. Gitaa la Masanja likaendelea kulia vizuri tu, nami nikalifuata mpaka mwisho. Nilikuwa na furaha mno, sikujiuliza kitu.

Tulipomaliza nikamvuta pembeni. Nikamwambia, "Nisamehe ndugu yangu. Ile dawa aliiweka mama."

"Najua. Nilimwona akiiweka."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Mama alikuwa mjane, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Ningemtaja wangemwita mchawi, wakamkata mapanga. Mimi mlinifukuza tu."

Nililia mbele yake, sioni haya kusema. Akanipigapiga begani, akasema anatoka nje kupunga upepo. Hatukumwona tena.

Kesho yake akaja binti yake kutoka Malampaka, ameshika barua yetu, haijafunguliwa. Ilifika wiki mbili baada ya baba yake kuzikwa.

Siku ya ufunguzi tulipiga bila solo, hakuna aliyekubali kukaa nafasi yake. Kisha nikaenda Malampaka, nikasimama mbele ya ukoo wake na kueleza yote, nilivyomsingizia na alivyomwokoa mama yangu. Mpaka leo siku haipiti bila kumwaza.

Nawe uliyemkosea mtu, panda gari leo. Mimi marehemu alinifuata mwenyewe. Wako huenda asije.