Ng'ombe wa Rukara na Mnyama wa Mtaroni

NGUNGU, Masisi, Agosti 1956. Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu bado umelala bondeni, na Rukara, kibarua wa barabara mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, amepiga magoti mtaroni akilamba jiwe.

Analilamba polepole kama mpishi anayeonja mchuzi, anatema mate, analitupa. Anaokota lingine.

"Hii iko jiwe tu," anasema. "Mufupa unakamata ulimi. Jiwe haikamate."

Msomaji, usicheke. Ulimi huohuo ndio uliomponza.

Katika milima hii wachungaji huutambua udongo wa chumvi kwa kuuonja. Rukara alifundishwa na baba yake tangu utotoni. Mwaka 1951, akiwa na wenzake wakikata barabara ya kuteremkia Walikale, nyundo yake ilipasua, katika mtaro huuhuu, jiwe la rangi ya kahawia ambalo hakuwahi kuliona. Akalilamba. Ulimi ukanata.

"Nikasema, Mungu ametupatia chumvi," anakumbuka. "Mwaka ule ngombe yangu ine ilikuwa imekufa. Nilibakia na saba tu."

Basi akavunja, akajaza kapu. Mkewe, Mukandori, akatwanga vile vipande kinuni, wakachanganya na maji na kumimina ndani ya hori. Ng'ombe wakalamba mpaka wakaufikia ubao. Majirani waliposikia, nao wakaja na makapu yao. Kwa makisio ya Rukara mwenyewe, makapu yasiyopungua mia mbili yalitoka katika mtaro ule.

Januari mwaka huu akapita mzungu mmoja, mpima miamba, akaomba maziwa. Alipokuwa akinywa, jicho lake likaangukia kipande kilichokuwa kando ya kinu. Kikombe kikamponyoka.

Alichimba siku tatu. Akapata vitu vitatu tu: mifupa miwili ya shingo, kila mmoja mkubwa kama kinu, na mfupa wa paja uliompita Rukara kwa kimo. Kisha akachora chini kwa fimbo: tumbo kubwa kuliko nyumba, shingo ndefu kupita mgomba, kichwa kidogo. Mnyama wa kale, akasema, mla majani, aliyekufa kabla mwanadamu hajakuwapo duniani, mifupa yake ikageuka mawe. Akauliza mifupa mingine iko wapi.

Rukara akawanyooshea kidole ng'ombe.

Mpaka leo Rukara anajilaumu. "Munyama wa kula majani, nikapatia ngombe mifupa yake, nazo ziko zinakula majani! Na maziwa tukakunywa sisi. Tukauzisha mpaka ku misioni. Kumbe kijiji muzima kilimukunywa!"

Mwandishi wa habari hizi, aliyekuwa amekaribishwa kikombe cha pili cha maziwa, alikiweka chini taratibu.

Mukandori naye hakula chochote kwa siku mbili. "Nilikuwa naosha kinu, naosha tena, naosha tena. Kisha nikajiuliza, weye mama, unaosha nini? Watoto walishakuwa wanene!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mzungu aliondoka na mifupa yake mitatu, akisema kwamba bila kichwa hakuna atakayeweza kueleza sawasawa mnyama huyu alikuwa wa aina gani. Tangu siku hiyo Rukara anakitafuta kichwa, kila asubuhi kabla ya apeli, yaani kuitwa majina ya vibarua, na kila jioni baada ya kazi. Wenzake wamembatiza jina la Mulamba-mawe.

Jirani yake, Mama Thacienne, bado huja na kapu. "Papa Rukara, ngombe yangu haikusoma masomo," humwambia. "Iko na njaa ya chumvi." Rukara humfukuza mtaroni, kisha humpa chumvi ya duka aliyoinunua kwa mshahara wake.

Lakini muda unamtupa mkono. Barabara inapanuliwa, na kapita Callixte, msimamizi wa vibarua, amekwisha kupokea amri.

"Papa Rukara, mimi sikukataze," anasema Callixte, mikono mfukoni, akikwepa macho yake. "Lakini barabara haingoje mufupa. Siku ya lundi tunatia baruti."

Leo ni Jumanne. Ukingo uliobaki ni wa hatua tisa, na Jumatatu utakuwa kokoto. Rukara amechimba hatua mbili, viganja vimechubuka.

Anaulizwa atafanya nini akikipata kichwa. Atakifunga katika blanketi lake, anasema, na kukibeba mgongoni mpaka Goma kwa miguu, amkabidhi yule mzungu anayekaa huko.

Na asipokipata? Rukara anaokota jiwe lingine, analilamba, analitupa.

"Miguu yake, mbavu yake, mukia wake, yote nilivunja na hii mikono," anasema. "Ni mimi nilimumaliza. Nataka nimuone sura, hata mara moja tu, mbele ya baruti kulia."