Kiingereza cha Matrida ni cha kuaga tu

Saa mbili asubuhi, mjini Bunda. Mzungu mrefu, vumbi la Serengeti limemjaa hadi kwenye nyusi, ameuliza swali kwenye kaunta ya mapokezi ya nyumba ya wageni. Matrida Nyamhanga, aliye zamu, anafumba macho, anaanza kuimba kwa sauti ya chini, na mikono yake inainuka hewani kama ya mtu anayeanika nguo.

Mgeni anamtazama mwandishi wa makala haya. Mwandishi anatazama dari.

Ubeti wa kwanza unapita, kiitikio kinapita. Katikati ya ubeti wa pili Matrida anafumbua macho na kulitoa neno kwa Kiingereza: kesho. Dirisha la chumba cha mgeni halifungi, na fundi atakuja kesho. Mgeni anashukuru na kuondoka haraka kidogo.

“Siwezi kulidaka neno katikati,” anasema Matrida, akijifuta jasho. “Lazima nianzie mwanzo wa wimbo. Nikiruka mstari, napotea kabisa.”

Matrida, mwenye miaka 41, mzaliwa wa Butiama, aliishia darasa la saba. Kwa miaka sita amekuwa akifua mashuka ya nyumba hii. Ng’ambo ya uzio yupo Hamduni, fundi redio. Redio ya mteja ikipona, Hamduni huipima kutwa nzima, na huipima kwa nyimbo za kantri za Kiingereza, zile za magitaa na machozi.

Basi Matrida akawa anaanika na kuimba. Shuka moja, mstari mmoja. Jioni alimuuliza Raya, msichana wa mapokezi aliyemaliza kidato cha nne, maana ya kila mstari, na kesho yake akauimba tena akiwa anaujua. Ndiyo maana mikono yake bado inaanika hata pale kaunta.

“Lakini huzuni nilikuwaga naielewa kabla ya maneno,” anasema. “Mume wangu alipanda kivuko cha Kisorya, akavuka kwenda kisiwani Ukerewe kutafuta kazi. Aliniaga vizuri tu, akaniachia na hela ya mboga. Mwaka wa nane huu. Sasa mtu akiimba vile, unahitaji mkalimani wa nini?”

Sarufi ndiyo iliyomvuruga. Raya alimwambia kwamba nusu ya anayoyaimba ni makosa, kitabu cha shule hakisemi hivyo.

“Nikamuuliza, sasa nani mwenye lugha yake, yule anayeimba au kitabu? Akasema kitabu. Nikamwambia, mwanangu, kitabu hakijazaliwa kule. Mpaka leo, nani yuko sahihi, mimi mwenyewe sijui.”

Mwezi huu meneja, Thadeo Mseti, amemjaribu mapokezini kwa zamu na Raya. Akifaulu, mshahara utapanda kutoka shilingi laki moja na nusu hadi laki mbili na ishirini, na mikono yake, iliyochubuka kwa sabuni, itapumzika. Asipofaulu, atarudi kwenye beseni. Uamuzi ni mwisho wa mwezi.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa ya ajabu. Mzee mmoja na mkewe walikuwa wakiondoka, mabegi yamo garini. Matrida akawasindikiza mlangoni na kuwaambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba njia ni ndefu na moyo wake unabaki pale mlangoni ukiwasubiri. Mzee akavua kofia. Mkewe akalia. Mabegi yakashushwa, wakalala siku nyingine mbili.

Siku chache baadaye walifika vijana wanne kutoka Ndabaka, lango la Serengeti. Matrida akatabasamu, akatafuta maneno ya kuwapokea, akaimba moyoni wimbo wa kwanza hadi mwisho, na wa pili. Mwishowe akawapa alichokuwa nacho: nendeni salama, msigeuke nyuma. Wakatazamana, wakabeba mizigo yao, wakaenda kulala kwingine.

“Mimi nimechanganyikiwa,” anakiri Mseti. “Mama huyu, wageni wanaoondoka anawarudisha, wanaokuja anawafukuza. Sasa huyo ni wa kupandishwa cheo au ni wa kurudi kufua? Nimelala nikiwaza, nimeamka nikiwaza.”

Raya amejaribu kumfundisha salamu za kukaribisha kutoka kitabuni. Hazikai. “Anazisema vizuri usiku, asubuhi hakuna kitu,” anasema Raya. “Bila wimbo, mama huyu hashiki neno.”

Matrida mwenyewe ameshaujua ugonjwa ulipo. Nyimbo zote za Hamduni amezipitia, moja moja.

“Watu wa humo wanaondokaga tu,” anasema. “Treni imeondoka, mke ameondoka, mbwa ameondoka. Hakuna anayefika. Nitamkaribisha mtu kwa maneno gani?”

Anampa mwandishi chai, kisha anamsogelea.

“Wewe unazungukaga sana. Nitafutie mmoja tu. Wimbo wa Kiingereza wa mtu anayefika. Anagonga, anafunguliwa, anakaa. Nikiupata kabla ya mwisho wa mwezi, kazi ni yangu. Na hata kazi nikiikosa, wimbo huo nautaka.”

Mwandishi aliahidi. Kutoka Bunda hadi nyumbani kwake Kigera, Musoma, alizipitia kichwani nyimbo zote anazozijua, za Kiingereza na za Kiswahili. Mpaka anafungua mlango, hakuwa ameupata.