Mkono Uliokatazwa Kufika Sikioni

Watu husifu harufu ya karafuu. Miye iliyonikaa puani ni harufu ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki ukishachambua karafuu, ambavyo vikianikwa juani hukwaruza koo. Nyumba yetu ilikuwa karibu na mashamba ya Kizimbani, na kila msimu uani palitandikwa majamvi mpaka kuku wa mama wakakosa pa kupita. Kuku wale walikuwa na adabu mbovu, lakini tuwaache, nitapotea njia.

Msimu mmoja likaja tangazo kwamba skuli zifungwe, watoto wakachume karafuu. Akaja bwana wa ofisi, daftari kwapani, akatupanga mstari. Zama hizo wengi wetu hatukuwa na karatasi ya kuzaliwa. Umri ulipimwa kwa mkono. Unaupitisha juu ya utosi, vidole vikigusa sikio la upande wa pili, basi umeshakuwa mkubwa. Vya kaka yangu Haji viligusa, akafurahi kama kapewa halua. Watoto ni wepesi, tukaambiwa, watafika vitawi vya juu ambavyo mtu mzima akivikanyaga huvunjika. Lakini mkarafuu hauna taarifa. Tawi lake hukatika ghafla. Siku ya tatu Haji akaanguka, na mkono ule ule uliogusa sikio ukavunjika, ukaja kuunga upande. Mama alipomwendea yule bwana kuuliza sheria inasemaje, alijibiwa kuwa mtoto ni wa taifa. “Basi taifa lije limkande,” akasema mama, akarudi nyumbani kuchemsha maji.

Mwaka wa pili, karafuu zikiwa bado changa, bwana yule akarudi na daftari lake, akatupanga tena.

“Mara hii ni skuli, Bi Mize,” alimwambia mama. “Sheria inataka kila mtoto asome, tena bure.”

“Naam, nimesikia,” mama akajibu, kwa ile sauti yake ya kutosikia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akanivuta nyuma ya banda la kuku. “Ukiambiwa upitishe mkono, kaza shingo, bega lishushe. Usifike.”

“Na ikiwa kweli ni skuli, mama?”

“Skuli! Daftari si lile lile?”

Nikakaza shingo. Wallahi, kidole cha kati kilihisi joto la sikio langu, nikakizuia. Bwana akanitazama, akasema, “Huyu bado mchanga, mwakani.” Mama akashusha pumzi. Haikupita wiki, Zuwena, mtoto wa jirani, akapita mbele ya nyumba yetu na sare mpya inanukia duka. “Mkono mfupi!” akanizomea. “Mkono mfupi kama wa kima!” Mama alikuwa barazani na ungo. Hakumkemea, wala hakunitazama. Mchele ule ule aliupeta mara mbili siku ile.

Mwaka wa tatu alinipeleka mwenyewe. Nikapitisha mkono, vidole vikateremka mpaka shavuni. “Kapita umri,” wakasema. Sheria ilinikuta mdogo, ikanigeukia ikanikuta mkubwa, siku niliyokuwa sawasawa sijui ilikuwa wapi. Herufi hizi ninazoandika nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nshazaa watoto wawili.

Sasa ninakaa mjini, Mkunazini, kwa binti yangu. Juzi akaja msichana wa ofisi, hodari, shikamoo yake tamu. Nikaitika marahaba, jicho likiwa kwenye karatasi zake. Alitaka saini ili mjukuu wangu Ilham aende masomo ya likizo. Akanieleza haki za mtoto moja baada ya moja, na zote nzuri, sikatai. Lakini jioni nikipita Forodhani naona vitoto vinazungusha sinia za kashata baina ya wageni, na wenye sheria wamekaa pale pale wanakula urojo.

Ilham alikuwa ameshika nguo yangu. “Bibi, tia saini! Wenzangu wote wanakwenda.”

“Soma kwanza,” nikamwambia. “Kwa sauti.”

Akasoma, miaka tisa tu, maneno yanamtoka kama maji ya mfereji. Nikamrudisha pale palipoandikwa watoto watakuwa wapi na watafanya nini. Akasoma tena: skulini, hesabu na kusoma. Mara ya tatu akacheka. “Bibi, hayabadiliki!”

Mama hakuwa na wa kumsomea. Alikuwa na mkono wa Haji tu, na huo ndio aliousoma. Simlaumu, ingawa siku nyingine, nikiwa peke yangu, namlaumu.

Nikatia saini. Kisha nikamwambia yule msichana kwamba Jumatatu, masomo yakianza, nitakwenda na watoto, nikakae mlangoni mwa skuli mpaka watoke.

“Hapana haja, bibi,” akasema. “Sheria inawalinda.”

“Najua, mwanangu,” nikamjibu. “Kiti nitakuja nacho mwenyewe.”