Suti na Mawe ya Urani

Kaka yangu ni fundi cherehani. Watu wanamwita Suti, maana hata kwenda kunyoa anavaa tai. Baba alipofariki, kaka alijitwalia kiwanja cha barabarani, mimi akanisukumia kilima. "Wewe tulia na mawe yako," akasema, tena kwa mdomo tu, bila maandishi. Nikajenga huko, nikafuga kuku, nikanyamaza. Lakini roho iliniuma, sitaki kudanganya.

Ndipo ikaja ndege ndogo, ikawa inapita chini chini juu ya mapaa, inakwenda na kurudi kama mtu anayepiga deki. Wataalamu wakatueleza mkutanoni kwamba ndani mna mashine ya kupima miale inayotoka kwenye mawe, wanatafuta madini ya urani. Kabla ya kuondoka walichora misalaba ya rangi nyeupe kwenye mawe machache kilimani kwangu, ili wakirudi wapime tena palepale kwa vifaa vya mkononi.

Weee, Suti akapagawa! Kilima kikawa ghafla "mali ya mtoto wa kiume." Akatangaza mtaa mzima kwamba mimi nilikuwa mlinzi tu, nianze kufungasha. Halafu siku moja niko sokoni, akaja na mkokoteni akabeba mawe yote yenye msalaba. Eti wataalamu wameshachagua, hayo ndiyo yenye urani! Akayapanga chini ya dirisha la duka lake, akawa anayafuta vumbi kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Wataalamu waliporudi, walizunguka kilima wakitafuta misalaba yao mpaka jasho likawatoka. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye kofia pana, akamwita mwenyekiti wa mtaa, na watu wakajaa.

"Mwenye kilima hiki ni nani?"

"Mimi hapa!" Suti akadakia, huku anainyoosha tai.

"Vizuri. Alama zetu zimeng'olewa, kazi yote imeharibika. Twende polisi ukatueleze."

Suti akaiachia tai.

"Polisi tena? Mama, hujanielewa. Kilima ni cha dada yangu. Baba alimwachia yeye. Mimi sina hata kokoto hapa!"

"Sema kwa sauti, kaka," nikamwambia. "Mwenyekiti hajasikia."

Akarudia kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Machozi yakanitoka hadharani, wala sikuona haya.

Yule mama akanigeukia. "Haya, mwenye kilima, mawe yetu yako wapi?"

"Yapo dukani kwa kaka," nikajibu. "Anayatunza vizuri sana, kila siku anayafuta vumbi."